Chungu Ulichokiacha Kibichi

Mwaka umetimia, Mama, tangu jioni ile ya Jumanne ulipokifunika chungu chako kwa kitambaa kibichi, ukanawa mikono hadi viwikoni na kusema utakimalizia Ijumaa. Alhamisi alfajiri moyo wako ukasimama. Ijumaa ilipofika wanafunzi wako waliketi kwenye mabenchi yao, aproni zimefungwa, wakitazamana tu. Hakuna aliyethubutu kugusa udongo.

Mtaani hadi leo hawakuiti jina lako. Wewe ni Bi Polepole, basi. Chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa kilikuwa stoo ya viti vibovu. Ukakipigania, ukakisugua, ukaingiza magurudumu matatu ya kufinyangia na tanuri dogo kuukuu. Mlangoni ukaweka kapu. Kila aingiaye sharti atumbukize simu yake humo, awe nani. Karani wa benki alijifanya kasahau mara mbili. Mara ya tatu ulimsogezea kapu hadi kifuani, unatabasamu, akasalimu amri.

Halafu somo lenyewe: dakika kumi za kwanza hakuna kufinyanga. Kila mtu ashike bonge lake, afumbe macho, apumue. Sisi wanao tulikucheka sana. Tulisema watu wamekuja kujifunza kutengeneza vikombe, wewe unawabembeleza walale. Ulitujibu kwamba vikombe viko tele madukani, ila mtu aliyetulia dakika kumi ni adimu siku hizi. Dereva wa lori, yule ambaye mikono ilianza kumtetemeka baada ya ajali, alikaa miezi miwili akikanda tu. Hukumharakisha. Siku alipotoa kikombe chake cha kwanza, kimeinamia upande kama mtu anayetega sikio kwenye umbea, ulikipokea kwa mikono miwili ukasema ndicho utakachonywea chai. Na kweli ulikinywea, ingawa nusu ilikuishia kifuani.

Na nyumbani je? Udongo kwenye vitasa, udongo kwenye rimoti, udongo kwenye miwani ya Baba. Baba alinung'unika miaka yote. Sasa vitasa ni visafi na hakuna anayefurahi.

Aliyeumia kuliko sisi sote ni kitindamimba wako, binti yako, na haya tunayaandika kwa ruhusa yake. Kwa miaka sita ulimwita darasani kila Ijumaa. Kila Ijumaa alikuwa na udhuru: kazi, foleni, kichwa kinauma. Atakuja wiki ijayo. Hukumgombeza hata siku moja, na hilo ndilo linalomkata maini.

Baada ya mazishi alikwenda mwenyewe karakana, akafunua kile kitambaa. Chungu kilikuwa bado hakina mdomo, lakini tumboni vidole vyako vyote vilionekana, gumba lako lenye ukucha uliopinda limezama kuliko vingine. Wanafunzi walitaka kikaushwe, kichomwe, kiwe cha kudumu. Alikataa katakata. Tanuri likikipasua, aliwauliza, yeye atabaki na nini? Akaloweka kitambaa upya, akakifunika, akafunga na nailoni juu yake ili kisikauke.

Kuanzia hapo hakukosa Ijumaa hata moja. Mvua, homa, kazi, hakuna kilichomzuia. Aliloweka kitambaa, na kabla ya kufunika alitia vidole vyake ndani ya alama zako, kimoja kimoja, akakaa hivyo kitambo. Alitwambia ilikuwa kama umemshika mkono. Muuguzi mstaafu, mwanafunzi wako wa kwanza ambaye sasa ndiye anayefundisha, alimwona, akaendelea na somo.

Ijumaa iliyopita Baba alikuja naye. Hakuwahi kukanyaga pale tangu utuache, ila alisema mwaka usiishe kabla hajauona mkono wako. Tulikuwepo sote. Kitindamimba alifunua taratibu, akasogea pembeni kumpisha. Baba akavaa miwani, akainama, akapitisha kidole ndani ya alama ya gumba. Akarudia tena, na tena. Gumba hilo amelishika miaka arobaini na moja, Mama.

"Hiki si kidole cha mama yenu," alisema kwa sauti ndogo. "Ni chako, mwanangu."

Tukaangalia vizuri. Ilikuwa kweli. Maji ya mwaka mzima na kushikwashikwa kila wiki vilikuwa vimeulegeza udongo, ukamfuata aliyekuwa akiugusa. Ule ukucha uliopinda haukuonekana tena. Alama zote zilimwenea yeye barabara.

"Nimemfuta," alisema. "Kwa mikono yangu mwenyewe, Baba."

Alilia kilio ambacho hatukukisikia hata makaburini. Baba si mtu wa maneno, unamjua. Alivuta benchi akaketi karibu naye, akamshika bega, wakakaa.

Alipotulia, muuguzi alimletea aproni. Alisema chungu kimekaa bila mdomo mwaka mzima, inatosha. Basi binti yako akaketi kwenye kiti chako, akafumba macho, akapumua kama ulivyokuwa ukiwafundisha watu wa nje na yeye hayupo. Kisha akaongeza udongo mpya, akauinua mdomo wa chungu kidogo kidogo, machozi yakimdondokea mikononi. Ilimchukua saa nzima. Umekwenda upande, haufanani na kazi yako hata chembe. Hatukukifunika tena. Kiko rafuni kinakauka, na mwezi ujao kitaingia tanurini. Muuguzi ametuonya tusitumaini sana, kwa sababu udongo wa zamani na mpya hupasukia pale ulipounganishwa. Kitindamimba amesikia, na bado amesema kichomwe.

Tulitaka kukuhifadhi vilevile ulivyotuacha, Mama. Tumeshindwa. Hata sauti yako tumeanza kubishana ilikuwaje.

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye bado analala upande wake wa kitanda na kuuacha wako, wanao wakubwa wawili na wakwe zako, wajukuu watatu, mdogo akiwa amezaliwa baada ya wewe kuondoka, dada yako, wanafunzi wako wote wa Ijumaa, na kitindamimba wako, anayekuomba umsamehe kwa miaka sita uliyomngojea.

Hatutakusahau, Mama, hata mikono yetu itakaposahau yako ilikuwaje.