Mkono wa Kulia Niliokuagia

Mama,

Shikamoo. Hutaitikia, najua, lakini sijawahi kuanza maneno na wewe bila hiyo na sioni kwa nini nianze leo.

Huku tupo. Paa la nyumba ya Kamuli halijavuja, mbuzi yule mkorofi amezaa, Baba anakula kidogo. Mimi bado niko kituoni Kayanga, bado navaa bastola upande wa kulia kama ulivyovaa wewe miaka yote ya uaskari wako. Watu wananiuliza naendeleaje, nawajibu vizuri. Sisikii kitu, Mama. Sijalia mpaka leo. Siku ya mazishi shangazi alisema mbele za watu, "Huyu ni askari mpaka kwenye maini," na hata hasira sikupata.

Nataka nikueleze habari ya mkono wangu, maana nani mwingine ataielewa.

Unaikumbuka mipini ya zile bastola zetu, ilivyochongwa vijino vijino ili isiteleze kwa jasho na mvua. Vinakula ngozi kama msasa. Nilipotoka mafunzoni na malengelenge ulinicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanishika kiganja ukanionyesha: chini ya kidole gumba, kwenye pengo kati ya gumba na shahada, ubavuni mwa kidole cha kati. "Hapa patakuwa pagumu, mwana wange, na ni vizuri pawe pagumu kidogo." Ukasema nisiukabe mpini. Niushike kama ninavyomshika mtoto ninayemvusha barabara pale Omurushaka, asichomoke wala asiumie. Na wembe ukanikataza kabisa. Ulikuwa na mwenzako aliyekata sugu zake kwa wembe, akaenda moja kwa moja kupalilia migomba, mkono ukavimba hadi akalazwa. Ulikuwa ukimtaja kila ukiniona na wembe, hata wa kukatia kucha.

Mwaka huu mazoezi ya shabaha yalikuwa mengi. Sugu zikawa nene, za njano, nikazizoea.

Ndipo ukaanguka kibanjani, kati ya migomba yako, na mkungu uliokuwa umeukata ukabaki palepale ulipodondoka. Kabla ya jeneza kufungwa, shangazi akatuita mabinti tukuage. Kemi, mdogo wangu, akatangulia. Nami nikanyoosha mkono wa kulia. Ningetumiaje wa kushoto? Wewe ndiye uliyenichapa vidole nikiwa mdogo, siku nilipompa mgeni kahawa ya kutafuna kwa kushoto. Nikaweka kiganja shavuni kwako.

Sikusikia kitu. Si baridi, si ngozi. Ilikuwa kama nimegusa ubao wa jeneza. Nikaondoa mkono nikampisha aliyefuata, kwa adabu.

Kemi aliniambia baadaye kwamba ulikuwa baridi kama maji ya asubuhi. Namwonea wivu, Mama. Ana kitu cha kukumbuka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mzima, laini, umening'inia tu pale pembeni, na ungetosha. Watu walipopanga mstari kunipa pole niliwapa huohuo wa kulia, mmoja baada ya mwingine, na Baba akiwa miongoni mwao.

Mtunza silaha wetu aliniona naukunja na kuukunjua mkono, akauzungushia mpini wa bastola yangu kipande cha tyubu ya baiskeli. Inasaidia. Sugu mpya hazioti, ila zile za zamani zilibaki pale pale.

Juzijuzi nikapata ruhusa, nikashukia Omurushaka, nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Baba alikuwa barazani. Nikamwamkia, nikampa mkono, na hakuuachia. Akaugeuza kwenye mwanga kama anavyokagua kahawa iliyoanikwa. Akasema, "Eee." Akaingia ndani, akatoka na beseni la maji ya moto, kitambaa, kikopo cha samli na jiwe jeusi lenye vitundu.

Kumbe ni yeye aliyekuwa akikusugua sugu zako! Miaka yote nilidhani unajisugua mwenyewe. Aliniambia mkono wako wa kushoto ulikuwa mzito, haukuweza kumsugua mwenzake, basi kila Jumapili mkitoka kanisani ulikuwa unakaa na kumpa. "Mama yako alikuwa mbishi kwa kila kitu," alisema, "lakini mkono alinipa." Hukuwahi kutuambia. Labda mlitaka kiwe chenu.

Akaniloweka mkono mpaka ngozi ikawa nyeupe. Akasugua polepole, kwa kuzungusha, akafuta, akasugua tena, kisha samli. Nilipomwambia azimalize sugu zote alikataa, akasema zikiisha nitachubuka kazini. Kesho yake akarudia, na keshokutwa yake.

Siku ya mwisho alikuwa ananipaka samli chini ya gumba nikasikia kitu kinacheza juu ya ngozi yangu. Nikafikiri ni mimi. Nikautuliza mkono, na bado kikacheza. Nikamwambia, "Baba, unatetemeka."

Hakuinua uso. Alinijibu kwa Kinyambo, sauti yake ya kawaida, kwamba anatetemeka tangu siku ile, kila mtu aliyempa pole anajua, na mimi ndiyo kwanza nimesikia leo.

Bado sijalia. Lakini vile vidole vyake, Mama, nilivisikia vyote.

Sasa pumzika. Usiwe na wasiwasi naye. Nakuahidi, kila nikipata ruhusa nitakwenda Kamuli nimpe mkono, na siku sugu zitakapokuwa zimeisha nitakwenda vilevile, nikae, nimpe.

Kwaheri, Mama.

Binti yako,
Koku