Kimya Chako Kwenye Kishikwambi

Ma Paskazia,

Sijui huko uliko watu wanasalimianaje, kwa hiyo nianze tu. Hapa Kamachumu mvua zimerudi. Jumapili nilikwenda kibanjani kwenu, kwenye migomba, kung'oa majani kwenye kaburi lako. Darasa la tano uliloniachia bado linajifunza kwa sauti yako. Nakiweka mezani kishikwambi chenye masomo uliyorekodi, nawe unaanza: "Haya wanangu, leo tunagawa mkungu wa ndizi." Jogoo wako anawika katikati ya somo. Tulimla kwenye matanga, Ma, lakini humo ndani anawika tu.

Uliponifundisha kurekodi uliniambia, "Ukiuliza swali, nyamaza. Waache wafikiri." Nilicheka sana, maana wewe hukuweza kunyamaza hata kanisani.

Sasa nisikilize. Nikiwa peke yangu ofisini, kimya chako baada ya swali ni kifupi, kama cha mtu anayevuta pumzi. Darasani kinarefuka. Kuna mtoto mgeni, Adela, amehamia kwetu kutoka Bakoba, kule mjini, baada ya sisi kukuzika. Kwangu hafungui mdomo. Wiki iliyopita uliuliza nusu ya robo ni kiasi gani. Adela akahesabu kwa vidole, akafuta, akaanza upya. Ukamngoja. Aliposema kwa heshima, "Moja ya nane, waitu," ndipo ukasema, "Vizuri. Tuendelee."

Jana nilikifungia kishikwambi kabatini, kimezimwa, nikauliza mwenyewe. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kisha wote wakageukia kabati, wakajibu kwa pamoja, wakatega sikio, halafu kila mmoja akajiwekea alama ya vema kwenye daftari. Mimi sikusikia kitu. Niliogopa, Ma. Na niliona wivu.

Kisha Adela akasimama. Alikuwa na swali lake mwenyewe, la kwanza tangu aje, akaliuliza kabati. Akangoja. Wenzake walitoka kwenda kunywa uji, yeye bado amesimama pale, machozi yanamtoka. Kumbe kuwauliza unaweza, ila wao hawawezi kukuuliza.

Kwa hiyo kesho nitakaa naye dawati moja, anieleze swali lake hata kama litachukua asubuhi nzima. Nakuahidi sitamharakisha. Nakupenda, na darasa hili nalipenda kwa sababu yako. Lala salama, mwalimu wangu. Ila akianza kunitazama mimi badala ya kabati, tafadhali usimwite.

Wako,
Koku