Mti Ambao Kugo Aliuvulia Kofia

Kiptere,
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa kaka yangu Kipkosgei,

Chamge mising, kutoka kwa watu wako wote mpaka ng'ombe. Uko aje na joto la Doha? Bado unasimama nje ya ule mlango na suti nyeusi, ama wamekuingiza ndani penye AC? Sisi huku tuko wazima, Mungu ametubeba. Mguu wa Mama umepoa, amerudi kuchuma chai yetu, na anasema ukule, ati kwa ile picha ulituma shingo yako imekuwa kama ya kuku wa kienyeji. Yule ng'ombe wa mabaka amezaa, ndama ni jike. Mvua ya mawe ilipita juzi ikatoboa mahindi yote, lakini chai inarudi tu, si unaijua chai.

Utashangaa mbona nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani. Ni juu ya group ya familia. Shangazi wakisoma kitu pale, kabla maziwa ichemke Sigor yote imejua. Kwa hivyo hii inakuja na mkono wa Robert, kijana wa Mzee Noah, amepata kazi huko kwenu. Nimemwambia akiifungua njiani nitajua. Hakuna vile naweza kujua, lakini ameogopa.

Kaka, Mama Chai, ule mti wetu, ameuzwa kweli. Yale ulisikia si uvumi. Kile kiwanja chote, nyumba ya mawe ya meneja, mti wenyewe na kibao chake cha shaba, kimechukuliwa na kampuni ya ng'ambo. Watajenga hoteli ya wageni wa pesa, na majani ya Mama Chai yatawekwa kwa mikebe midogo midogo yauzwe huko kwao kama dhahabu. Unakumbuka siku nilijifunza kwa YouTube kwamba chai ni mti, ni sisi tunaifanya kichaka kwa kuikata kila wakati, na huo mmoja ukawa mrefu kupita paa kwa sababu hakuna mtu aliwahi kuuchuma? Nilikimbia kutoka barabarani penye network kuja kukuambia, na wewe ukaniambia hata ng'ombe anajua hiyo. Sasa watauchuma.

Fensi ilikuja kwanza. Janefer wa Mochama alifunga harusi wiki hiyo hiyo, na si unajua hakuna harusi ya Kiptere bila picha chini ya Mama Chai. Askari wakawakatalia. Basi wakapiga kutoka nje, bibi harusi ameshika waya na vidole vyake vyeupe vya glavu kama mtu wa rumande. Watu walicheka sana. Halafu wakaacha kucheka wote mara moja, na mwenye kamera akasema twendeni kanisani tu.

Wewe ukatuma ile voice note, ati mtu wetu yeyote atawafanyia hao watu kazi asikuite kaka tena. Niliisikiliza mara nyingi. Niliwaza, huyu ananiambia hivyo na yeye analinda mlango wa watu huko, na watu wamekuja kuweka mlango hapa kwetu. Usikasirike. Niliwaza tu.

Kitu ilikuwa inanisumbua ni hii: mbona tunalia? Mti ulipandwa na mzungu, kwa shamba ambalo aliwatoa watu wetu. Kibao kinasema hivyo wazi, ndio chai ya kwanza upande huu, mama wa chai yote ya huku, jina la mzungu liko hapo, jina letu haliko. Nilimwuliza Mama Nyambeki, jirani yetu yule wa Kisii, na unajua vile yeye hujibu ni kama anakugombanisha. Akasema, mtoto, mgongo wangu umeisha kwa hii chai. Mashine ya kuchuma imekuja ikanitoa kazi, na nyumba ya kambi nikatolewa. Kitu nimebaki nayo ni moja, kwamba nikienda kwetu Nyamira kwa matanga nikisema nimetoka kwa mama wa chai yote, watu wananipisha kiti. Sasa nikienda nitasema nimetoka wapi, kwa hoteli?

Na mimi nikamkumbuka Kugo. Unakumbuka vile babu alikuwa akipita hapo lazima avue kofia, hata mvua ikimnyeshea kwa kipara? Sisi nyuma yake tukivua kofia za hewa, tukiumwa mbavu. Meneja alikuwa akiambia wageni, angalieni mtunza bustani wangu ana heshima kiasi gani. Nimemtamani huyo mzee mwaka huu, kaka, kuliko hata wakati alikufa. Ningemuuliza tufanye nini.

Kabla ya kusaini, waliita mkutano wa kuuliza wananchi maoni. Soda na mkate, na mambo yameshapangwa. Wakili wao ni dada mmoja wa Nairobi, anaongea haraka kunishinda. Akasema bila kuficha kwamba wateja wake hawanunui chai, wananunua umri. Mti ukiwa ndio wa kwanza, wanasaini leo. Kama si wa kwanza, hawautaki hata bure, wanafunga mkoba na kurudi kwao. Kwa hivyo wazee wasimame wathibitishe.

Mama alikuwa karibu na mimi. Nikaona mabega yake yanatetemeka. Nikafikiri analia, kumbe anacheka, anacheka bila sauti mpaka machozi. Watu walipoenda kuchukua soda akanivuta nyuma ya tanki la maji akaniambia.

Kaka, kaa chini kama umesimama. Mti wa mzungu ulikufa. Ulikufa kabisa, mchwa walikula mizizi, Mama akiwa msichana wa shule na meneja akiwa likizo kwao. Kugo aliona kazi imeenda, nyumba ya kambi imeenda, watoto watalala wapi. Akashuka kule mtoni ambapo kulikuwa na miti ya kutoa mbegu ya chai, akachimba mmoja umemzidi kimo kidogo tu, akauleta kwa mkokoteni, Mama akishikilia matawi yasivunjike. Wakaupanda pale pale na samadi. Meneja aliporudi akauliza mbona Mama Chai amekuwa mfupi. Kugo akamwambia, mvua ya mawe, bwana. Na hapa kwetu nani atabishana na mvua ya mawe? Kile kibao cha serikali kilikuja baadaye sana. Walikisimamisha mbele ya mti wa Kugo, na Kugo mwenyewe hapo nyuma akipiga makofi na wengine.

Kwa hivyo ile kofia haikuwa heshima ya mzungu. Mama anasema alikuwa anauomba mti usimseme.

Nilisikia damu ikipanda mpaka masikio. Neno moja tu, na wakili anafunga mkoba! Fensi inang'olewa! Nikarudi mbio nikainua mkono, nikapewa maikrofoni. Mama aliangalia viatu vyake, hakunikataza. Nikafungua mdomo. Na hapo mbele kabisa ameketi Mama Nyambeki, amevaa gauni lake la kanisa, magotini ameshika ile picha yake akiwa kijana na kikapu mgongoni, chini ya Mama Chai, ndani ya fremu. Ameileta kuthibitisha. Akanipungia mkono, ati sema mtoto wangu, waambie.

Nikasema ndio. Nikasema babu yangu aliutunza maisha yake yote, na ndio wa kwanza. Walipiga makofi mpaka askari wa fensi wakageuka. Nilikaa chini. Ningesema ukweli tungerudishiwa mti, lakini mti gani? Chai tu. Ya hivyo tuko nayo nyuma ya jikoni. Na Mama Nyambeki angeketi wapi huko Nyamira?

Sijamaliza, na hii ndio ngumu. Wakili alinifuata baada ya mkutano, akasema wanatafuta mtu wa kueleza wageni historia ya mti, na mimi ulimi niko nao. Wewe unajua nilikuwa nimeapa kutoka Kiptere. Passport niko nayo, nilikuwa nikusumbue unitafutie kitu huko. Kaka, nimekubali. Naanza mwezi ujao. Nilikumbuka maneno yako na bado nikakubali, na kama hutaki nikuite kaka, basi hii barua iwe ya mwisho nakuita hivyo, ndio maana nimekuita mara nyingi. Lakini wao wamenunua mti wa mzungu. Wa Kugo hawajui kama uko hapo. Nikawaza, nani ashinde nao kutwa, mtu asiyejua ni wa nani? Ama najidanganya. Wewe ndio mkubwa, utaniambia.

Mama bado anapima unga wa ugali wa watu watatu. Anasema ni mazoea. Kinachobaki anampa mbwa, na mbwa amenona vibaya. Mama Nyambeki anakusalimia, na anauliza kama huko wanajua chai yao inatoka kwa nani.

Ukirudi, usinipigie simu nikuingize kwa njia ya nyuma. Kata tiketi kama mtalii. Nitakuwa nimevaa fulana yao ya kijani, na nitakueleza vile mzungu alichimba shimo kwa mikono yake mwenyewe. Usicheke, tafadhali, utanifukuzisha kazi. Vua tu kofia, hata kama mvua inanyesha.

Mungu akuchunge mpaka hapo.

Ni mimi, mdogo wako asiyetulia,
Chepngeno