Mtungi wa Maziwa Maabarani

Wanjiru, mwenye jina langu,

Ng'ombe wetu hapa Ndabibi amezaa ndama jike!

Unauliza kama ni aibu wewe na mchumba wako kupimwa magonjwa ya zinaa kabla ya harusi. Nimecheka! Mimi nilienda maabara ya Nakuru kwa siri, nimejifunika leso hadi machoni. Kwenye benchi nikaona mtungi wa maziwa wa baba yangu! Aliyeushika ni guka, babu yako, wakati huo mchumba wangu; aliuazima kwetu eti anapeleka maziwa, kumbe naye amekuja kupimwa kwa siri. Tulicheka, tukaingia pamoja. Mmoja wetu alipatikana na kaswende, akadungwa sindano, akapimwa tena, akapona. Usiulize ni nani. Hata mama yako hajui.

Nendeni pamoja, na mtungi muuache nyumbani.

Shosho, bibi yako