Kipande Walichokizunguka

Kwa kaka yangu Athmani, Kuze.

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na mguu wa mama umepoa kidogo. Huku ughaibuni baridi imenipasua midomo, lakini nakula na nalala, alhamdulillahi.

Wifi kaniambia umeikataa kazi ya kufundisha kompyuta kule Tudor. Ati wangoja kampuni ya mizigo ikuite, maana programu yao bila wewe haiendi. Kaka, makao makuu yao yako huku, na waliyemwajiri kuichunguza programu hiyo ni mimi. Sikukwambia kwa kuwa nilijua utanuna. Sasa nuna.

Nimesoma mabadiliko yake yote, mwaka baada ya mwaka. Mwanzo kila kitu kilipitia kipande ulichokiandika wewe, cha kukokotoa gharama za mzigo. Hapo ulikuwa mfalme kweli. Ulipoondoka, vijana wa ofisi ya Mombasa walitaka kuongeza malipo ya simu. Badala ya kukivunja chako, wakajenga ubavuni. Kisha wakaongeza mizani, kisha ghala, vyote ubavuni. Ni kama nyumba za hapo Kuze: chumba cha mzee hakiguswi, watu hupandisha ghorofa na kuhamisha milango mpaka mzee akabaki gizani.

Niliwapigia kuuliza kulikoni. Mmoja akacheka kwa haya: "Dada, yule ni mtu mzima. Tungemvundiaje kazi yake? Hesabu twaiuliza bado, kwa adabu tu."

Wanaiuliza, kaka, halafu jibu wanalitupa, kwa sababu kipande kipya kimekwisha kukokotoa. Miaka yote hiyo wewe wajigamba barazani kwamba wanakuogopa, kumbe wanakustahi kama anavyostahiwa mgonjwa. Imeniuma, na hasira zangu ni kwako. Mficha maradhi kifo humuumbua; mimi sifichi.

Jumatatu nilikizima kipande chako kwa mkono wangu. Nikakaa siku nzima kusubiri malalamiko. Hakuna karani wala mteja aliyejua.

Ile kazi ya Tudor haijapata mtu. Nenda kawaombe radhi kabla hawajakusahau nao. Mbusu mama mkono, nisalimie wifi aliyechoka kukusikiliza, na mjomba fundi saa hapo chini ya nyumba.

Wasalaam,
Mdogo wako Rukia, mwanafunzi wako wa kwanza.