Filamu ya Mama Haisomeki

Jumapili, 5 Oktoba

Kazini, foleni ya magari, nyumbani Mawaleh saa kumi na moja. Diski ya filamu ya mama tena. Laptopu inanguruma, inanyamaza, inasema haiwezi kusoma. Nimeshaipangusa kwa kitambaa laini. Diski yenye picha za harusi ya kaka inafunguka vizuri. Za filamu, hata moja. Nimechoka.

Mama haulizi. Anakaa sebuleni, anasubiri. Alhamisi anapasuliwa macho, na daktari ametwambia tusitarajie makubwa. Anataka aione kwanza filamu yake ya Kihindi, aliyoiona Unguja akiwa msichana.

Jumatatu, 6 Oktoba

Kaka kapiga simu kutoka Qurayyat. Makosa yangu, anasema, nani aliniambia nitoe Windows kwenye laptopu nitie Linux, ule mfumo wa bure. Mashine imezeeka, kwa Windows ilikuwa haiwaki mpaka nusu saa ipite. Nikamwambia basi aje yeye akae na mama.

Mtandaoni filamu haipo. Vipande viwili vitatu tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kumbe filamu za dukani zimefungwa kwa msimbo wa siri, na Linux haiji na programu ya kuzifungulia. Nimeitafuta, nimeiweka. Bado.

Nimelia jikoni. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumatano, 8 Oktoba

Wanjiru, Mkenya anayeshughulikia kompyuta zetu ofisini, kaniuliza kama ile sehemu ya kusomea diski imewahi kupangiwa eneo la dunia. Filamu nyingi hufunguka eneo moja tu, kila eneo na namba yake, na mashine isiyopangiwa huweza kugoma. Inakubali kubadilishwa mara tano tu, kisha basi.

Nimerudi, nimechagua namba ya India. Ikasoma.

Nikamsogezea mama kiti karibu kabisa. Akawa anaimba na waimbaji, maneno yote anayo. Kwenye wimbo wa pili picha ikaganda: kituo cha treni kitupu, hapana mtu. Sauti ikaendelea. Nikanyoosha mkono niirekebishe.

Mama akasema, "Mtazame anavocheza, na sari yake ile."

Nikaurudisha mkono. Sikugusa kitu mpaka filamu ikesha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hospitali. Tumefika mapema, tumepewa chumba. Nikamuuliza, "Mama, unaniona?"

"Nakuona ukenda. Ukikaa, unanipotea."

Tangu lini? Tangu Ramadhani. Hakutaka tuhangaike. Nilidhani ntakasirika. Sikukasirika.

Nesi alikawia kuja kumchukua. Nikainuka kitini. Nikawa natembea, dirishani na mlangoni, dirishani na mlangoni, pole pole.