Dakika Kumi za Ng'ombe

Baba yangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo naandika kwa sababu nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Unakumbuka nilipokuwa kidato cha sita, trafiki akakushtaki kwamba lori lilizidi kilomita hamsini kwa saa? Hakuwa na mashine, alikuwa na macho tu. Ilikuwa kesi yako ya pili. Ukishindwa, leseni inakwenda. Mama hakuwa akila. Mimi nikajitia mjuzi. Nikanakili daftari za vizuizi vya barabarani, wanakoandika saa ya kila lori: umetoka lango la Ngorongoro saa nne kamili, umefika Karatu saa nne na nusu. Kilomita ishirini kwa nusu saa, yaani arobaini kwa saa. Nikachora grafu ya mwendo wako kwenye karatasi ya manila, nikakuonyesha kwamba eneo lote chini ya ule mstari ndilo umbali wa safari yenyewe, na kwamba mstari hauna haja ya kugusa hamsini popote. Ukacheka, ukasema umepata wakili wa bure.

Mahakamani niliueleza mchoro wangu. Hakimu aliinamia karatasi muda mrefu, akaguna kama mtu aliyeridhika. Kisha akakuuliza kama una neno. Ukasimama na koti lako la kanisani, ukaeleza kwa fahari kwamba wewe si dereva wa fujo, kwamba siku ile ulizima injini dakika kumi nzima kupisha ng'ombe wa Wamaasai waliokuwa wakienda mnadani, ukasalimiana na wachungaji kama kawaida yako. Ulidhani unajiokoa, Baba.

Hakimu akanigeukia, akauliza dakika hizo kumi ziko wapi kwenye mchoro. Kama lori lilisimama, basi kilomita zile zile ishirini zilikwenda kwa dakika ishirini. Hiyo ni sitini kwa saa. Akanipa penseli. Nilikutazama, nawe ukauona uso wangu, ukaelewa.

"Chora, mwanangu," ukasema. "Chora ilivyokuwa."

Nikachora. Mstari ukashuka hadi sifuri, ukalala hapo, halafu ukapanda ukapita hamsini mbele ya watu wote. Leseni ikachukuliwa mwaka mzima, ukawa unalima vibarua kwenye mashamba ya majirani.

Hukunilaumu hata siku moja. Kila aliyeuliza ulimjibu kwamba mtoto aliwasahau tu wale ng'ombe, kichwa chake kilikuwa na mengi. Sasa nafundisha hesabu hizo hizo, na nikifika kwenye eneo chini ya mstari mkono unakuwa mzito.

Baba, sikusahau. Mama alikuwa ameshanisimulia habari za ng'ombe kabla sijashika penseli. Niliwaacha nje ya mchoro makusudi. Sikuthubutu kukuomba unyamaze, maana ningelazimika kukwambia kwamba najua ulikimbiza lori. Niliogopa kukuaibisha nyumbani, nikakuacha uaibike mahakamani.

Pumzika, Baba. Nisamehe ukiweza.

Ni mimi, binti yako.